Kipande cha Ndege

Moto wa bahati mbaya hauna adabu. Hula mlango ukaacha rafu, hubabua godoro ukaacha takataka zilizo kando yake. Huu ulikuwa umeanzia kwenye rafu, ukala rafu, ukaishia hapo hapo. Mabati ya upande wa mlango hayakuwa yamebadilika hata rangi. Inspekta Gertrude Wakesho alisimama katikati ya jivu, mikono kiunoni, na hasira zikaanza kumpanda kabla hajamuuliza mtu swali hata moja.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye stoo ya mabati nyuma ya nyumba ya Mzee Mbaruk pale Voi, hatua chache kutoka reli. Moto ulikuwa umetokea Ijumaa mchana. Ripoti ililetwa kituoni Jumapili jioni, tena haikuletwa na mwenye stoo bali na wakili wa Mama Jedidah, kana kwamba kilichoungua ni banda la kuku.

Kwenye rafu ile palikuwa na mikebe kumi na minne ya filamu. Kwa miaka zaidi ya ishirini Mzee Mbaruk alikuwa ameendesha gari la sinema, kutoka Voi hadi Werugha, kutoka Rukanga hadi Taveta, akiwaonyesha watu picha za habari za zamani kwenye kuta za shule na makanisa. Mkebe namba tisa, kwa mujibu wa lebo yake, ulikuwa na picha za mwaka 1930: ngome ya Mombasa ilipokuwa bado jela, barabara za mji na rikisho zake za kukokotwa na watu, na mwishoni ndege ndogo ikitua Voi. Mkebe huo ulikuwa ufunguliwe mahakamani Jumatano, saa tatu asubuhi.

Mama Jedidah, mjane wa miaka sitini na minane, alitakiwa ahame kutoka ekari kumi na mbili za uwanja wa zamani wa ndege, chini ya mlima Sagalla. Tajiri mmoja aitwaye Alexander, mwenye marafiki kila ofisi, alikuwa amejipatia hati ya ardhi hiyo naye alitaka kujenga hoteli ya watalii. Hoja yake ilikuwa fupi. Uwanja ulipokatwa, pale palikuwa pori tupu, na ukoo wa Jedidah ni wavamizi walioteremka kutoka milimani baada ya Uhuru. Wazee ambao wangembishia walikuwa makaburini. Ilibaki filamu, kwa sababu Mzee Mbaruk alimwambia wakili kwamba kwenye picha za ndege mna nyumba za watu.

Sasa kulikuwa na jivu.

"Nani aliuona kwanza?" Gertrude aliuliza.

"Ni mimi, Madam." Ayub, mwana wa Mzee Mbaruk, alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Alisimama mbali na jivu ili asichafue viatu. "Nilikuwa ndani. Tumbo lilikuwa linanisumbua, sikuenda msikitini. Baba alienda. Nikasikia mlipuko, nikatoka mbio, nikakuta stoo yote ni moto."

"Mlipuko wa nini?"

"Filamu. Hizi za zamani hulipuka zenyewe. Joto likizidi tu, zinalipuka kama baruti. Na unajua joto la Voi."

"Nani alikwambia zinalipuka?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

"Ni mambo ya sinema, Madam. Sisi tumezaliwa ndani yake."

Koplo Mulei, msaidizi wake, mtu wa maneno machache, alikuwa amechuchumaa akipekua kwa kijiti. Aliinua mkebe mmoja uliopindika. Chini yake, mahali ambapo moto haukufika, palikuwa na kipande cha filamu kirefu kama kidole. Gertrude alikiinua dhidi ya jua. Pembeni mwake, kwa herufi ndogo sana, pameandikwa neno la Kizungu lenye maana ya usalama. Alikitia ndani ya bahasha.

"Ama uulize Gibson," Ayub aliongeza, "huyo fundi wa pancha nyuma ya ua. Kila siku anachoma tyubu za magari. Cheche ikiruka hapa..."

"Zililipuka zenyewe, au zilichomwa na cheche ya Gibson? Chagua moja."

"Mimi nasema tu, Madam."

"Usiseme tu."

Gibson walimkuta amepiga magoti juu ya gurudumu la lori. Ni kweli nyuma ya kibanda chake palikuwa na mahali peusi pa kuchomea tyubu, na ni kweli palikuwa karibu na ua. Mulei alipima kwa hatua: kumi na moja. Kwa upepo wa Voi, cheche ingeweza kufika. Kwa dakika chache Gertrude aliitazama nafasi ile na kujiambia kwamba labda hii ni ajali ya kipumbavu tu.

"Ijumaa mchana ulikuwa unachoma nini?"

"Ijumaa sikuwa Voi, Madam. Nilikuwa Mwatate tunamzika shangazi." Aliinuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaingia kibandani na kurudi na karatasi ya ratiba ya mazishi. Jina lake lilikuwa pale, wa tatu katika wabeba jeneza. "Sala ilianza saa sita, tulifukia saa tisa. Uliza pasta."

"Nitauliza. Alhamisi ulikuwepo?"

"Alhamisi nilikuwepo."

"Uliona nini kwa jirani?"

Gibson aliutazama ua, akamtazama Mulei, akakuna shingo. "Hawa ni majirani wangu. Mzee hajawahi kunikosea."

"Sijakuuliza juu ya mzee."

"Niliona Ayub anatoa cherehani kwenye stoo. Ile ya marehemu mamake. Imekaa humo tangu azikwe, haijatoka hata siku moja. Nikadhani wameamua kuiuza. Alikuwa ameibeba peke yake, na ile kitu ni chuma, Madam, si mchezo. Nikamwambia ngoja nikusaidie, akakataa."

Gertrude hakuandika. Jambo kama hilo halihitaji kuandikwa ili likumbukwe. Mtu anayechoma mali ya babake lakini kwanza akaokoa cherehani ya mamake, huyo hana hata ujasiri wa kuwa mbaya sawasawa. Alirudi upande wa pili wa ua akitembea haraka kiasi kwamba Mulei ilimbidi akimbie kidogo.

Mzee Mbaruk aliwapokea sebuleni, kofia kichwani, fimbo mapajani. Alikuwa na miaka sabini na sita na macho yake bado yalikuwa makali.

"Karibu, mwanangu. Kaa kitako. Niwie radhi, nyumba haina mwanamke, hata chai sina wa kukuwekea."

"Chai siyo shida, Mzee. Nina swali moja la ufundi. Ni kweli filamu zako hulipuka zenyewe joto likizidi?"

Mzee Mbaruk alikuwa akizungusha tasbihi. Vidole vilisimama.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Ayub. Anasema kila mtu anajua."

Garimoshi la mizigo lilipita, vikombe vikatetemeka kabatini, likapita.

"Si kila mtu," Mzee alisema mwisho. "Ziko filamu pana za majumba ya sinema, za zamani hasa, hizo ni moto kweli. Zangu ni nyembamba. Zimetengenezwa zisiwake, maana twazipeleka mashuleni. Lakini watoto wangu walikuwa wakiingia stooni kuchezea mikebe. Wakizivuta, wakizikata, wakifanya mishipi. Basi nikawaambia, mkizigusa zitalipuka kama baruti, zitawakata mikono. Walikuwa wadogo, waliamini." Aliiweka tasbihi juu ya meza. "Hadithi hiyo niliitunga mimi, mwanangu. Niliwasimulia watu watatu duniani. Wawili wako Oman."

Gertrude alitoa kile kipande kwenye bahasha, akakishika kwa koleo ya kucha, akawasha kiberiti. Filamu ilijikunja, ikawa nyeusi, ikatoa moshi mdogo wenye uchachu. Alipoondoa kiberiti ilizimika.

"Hii imezimika yenyewe," alisema. "Rafu nzima haiwezi kuungua hivi bila mtu kumwaga mafuta ya taa. Nina ruhusa yako niangalie chumba cha Ayub? Nyumba ni yako."

"Angalia."

Cherehani ilikuwa chini ya kitanda cha Ayub, imefunikwa kwa gunia. Mulei alivuta kidroo chake kidogo cha kuwekea sindano na bobini. Ndani mlikuwa na barua moja, imekunjwa mara nne, karatasi mpya kabisa yenye muhuri. Ilimgawia Ayub, mwana wa Mbaruk, ploti ya biashara ya futi hamsini kwa mia moja, mbele ya barabara, katika ardhi ya uwanja wa zamani wa ndege. Tarehe ilikuwa ya Jumatano, siku mbili kabla ya moto. Ardhi yenyewe bado ilikuwa mahakamani na tayari ilikuwa inakatwa vipande kama keki ya harusi.

Walimleta Ayub sebuleni mbele ya babake. Gertrude aliifungua barua akaiweka juu ya meza.

"Isome kwa sauti."

"Madam, hiyo ni..."

"Isome. Babako aisikie."

Hakuisoma. Alimtazama babake, akatazama sakafu. "Baba, shamba lile litachukuliwa tu, tutake tusitake. Hawa watu hawashindwi. Umeona wapi mtu kama Jedidah akashinda mtu kama Alexander? Mimi nilisema kama linakwenda, angalau na sisi tupate pa kuweka duka. Ni ploti moja tu."

"Na filamu zangu?"

"Ni picha za zamani, baba. Nani anaziangalia siku hizi?"

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Hakumkaripia, na Gertrude alitamani amkaripie. Yeye mwenyewe alitaka kumwinua mtu yule kwa hiyo kola yake iliyopigwa pasi na kumtikisa mpaka meno yagongane. Nchi nzima ilikuwa inaliwa na watu wa namna hii, si akina Alexander peke yao, bali wale wanaowashikia taa wakiwa wanaiba, kwa sababu eti wizi utafanyika tu. Alimwamuru Mulei amtie pingu.

"Umefanya kazi yako vizuri," alimwambia Ayub. "Jumatano yule mama atasimama mbele ya hakimu mikono mitupu. Furahi."

"Hatasimama mikono mitupu," alisema Mzee Mbaruk.

Wote walimgeukia. Mzee aliinuka, akaingia chumbani kwake, wakasikia kitu kizito kikivutwa chini ya kitanda. Alirudi na mkebe wa mafuta ya kupikia, mfuniko umezungushwa utepe.

"Mkebe namba tisa haukuwa na ndege," alisema. "Haukuwa nayo tangu mwaka wa sitini na moja. Watu wa vijijini hawakutaka ngome ya Mombasa wala barabara za mji. Walikuwa wanataka ndege. Kila mahali wanapiga kelele nirudie, nirudie, na kila nikirudisha nyuma mkanda wote unachanika. Basi nikakikata kipande hicho nikakifanya peke yake. Kipande cha ndege. Projekta nalala nayo hapa, na kipande nalala nacho. Alichochoma huyu ni ngome na rikisho."

Ayub aliutazama mkebe.

"Siku tatu," Gertrude alisema, na sauti yake haikuwa na heshima aliyokusudia kumpa mzee. "Siku tatu umekaa juu yake na yule mama hajala wala kulala?"

"Aliyechoma angalijua, angalirudi kukimaliza." Mzee aliketi. "Na nilikuwa naogopa kumjua. Tangu Ijumaa namjua na sitaki kumjua. Nimekosa, mwanangu, huo ndio ukweli."

Mulei alitumwa kwa Land Rover akamchukue Mama Jedidah. Ilipofika saa saba walikuwa wameziba madirisha ya sebule kwa mablanketi, na joto la humo ndani lilikuwa la kumchemsha mtu. Mama Jedidah aliketi kwenye kiti cha mbele, leso begani, mkono umeshika mkono wa kiti. Alimwona Ayub sakafuni na pingu zake, hakumsemesha. Mzee Mbaruk aliweka filamu kwa vidole vilivyojua kazi, akawasha projekta, na ukuta ukapata mwanga.

Hakukuwa na sauti ila mngurumo wa mashine.

Ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ilishuka kutoka upande wa kushoto ikidundadunda. Mzungu mmoja aliinua kofia. Nyuma yake, wazi kama kiganja, mgongo wa mlima Sagalla, na mlima hauhami. Chini ya mlima, nyumba za nyasi. Gertrude alizihesabu: sita. Kisha watu wakaingia kwenye picha, wanakimbia kuelekea upande wa kamera, wanawake wengi, na watoto.

"Hapa ndipo walipokuwa wakicheka," alisema Mzee Mbaruk kutoka gizani. "Picha haina sauti. Sauti nilikuwa mimi, na bomba langu la kusemea. Nilikuwa nikiwaambia, watazameni wazee wetu wanavyoikimbia ndege."

"Simamisha," alisema Gertrude.

"Nikisimamisha taa itaiunguza."

"Basi irudishe uonyeshe pole pole."

Aliirudisha, akaizungusha kwa mkono. Gertrude alisogea ukutani mpaka kivuli chake kikaanguka juu ya bawa. Watu hawakuwa wakitazama nyuma kwenye ndege. Hakuna hata mmoja aliyeitazama ndege. Walikuwa wakitazama kulia, na kulia, ukingoni kabisa mwa picha, walikuwepo askari wawili na virungu, na moshi ulikuwa unatoka juu ya paa la nyumba ya sita. Mwanamke wa mbele alikuwa ameinama, kamba ya mzigo imempita kwenye paji la uso, na mgongoni alikuwa amebeba kitu cha bapa, kizito, kilichomfanya apige magoti kila hatua ya tatu.

"Mulei, hicho ni nini?"

Mulei alikaribia. "Jiwe la kusagia, Madam. La nafaka."

"Mtu anayeikimbia ndege habebi jiwe la kusagia." Alimgeukia Mzee Mbaruk, na sasa hasira ilikuwa imepata mahali pa kusimama. "Mtu anabeba jiwe la kusagia akihamishwa. Wanatolewa majumbani mwao, Mzee. Zinachomwa ili ndege ipate pa kutua. Na huyu Mzungu amesimama mbele anaamkia kwa kofia. Miaka ishirini ulikuwa unaonyesha kitu hiki. Hukuona?"

Mkono wa mzee uliendelea kuzungusha. "Niliona," alisema. "Mara ya kwanza sikuona. Baadaye niliona. Lakini watu walikuwa wanataka kucheka, nami nilikuwa napenda wanavyocheka. Jumatano nitasema hivyo mbele ya hakimu. Na nitasema nani aliyechoma. Nitamtaja kwa jina lake na la babake."

"Baba," alisema Ayub.

"Nyamaza."

Ukutani, nyuma ya mwanamke yule, mtoto wa miaka minne hivi alikuwa anakimbia na kibuyu. Kibuyu kilimponyoka. Mtoto akasimama, akageuka, akarudi kukifuata huku akielekea kwenye moshi. Mwanamke akarudi pia, na jiwe mgongoni, akamkamata mkono, akamchapa kofi moja, akamvuta. Kwa sekunde mbili uso wa mwanamke ulijaa ukuta mzima.

Mama Jedidah alikuwa amesimama. Hakuna aliyemsikia akiinuka.

"Kibuyu kilikuwa cha maziwa," alisema. "Kofi lile nalikumbuka. Tukaenda kwa miguu mpaka Werugha, na njiani hakunisemesha."

Filamu iliisha, mkia wake ukawa unapigapiga kwenye gurudumu. Mzee Mbaruk hakuizima.

"Mama, una uhakika?" aliuliza Gertrude. "Nitaandika, na utaapa."

"Huyo mtoto ni mimi. Huyo ni mamangu. Nyumba ya pili kutoka jiwe kubwa ni yetu, na hilo jiwe liko pale mpaka leo, naanikia nguo juu yake."

Gertrude alifungua daftari juu ya goti, akaandika haraka: nyumba ya pili, jiwe kubwa, kibuyu, kofi. Ilikuwa imetosha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijua kwamba Jumatano mtu mwingine ndiye atakayetoka jasho.

Lakini Mama Jedidah hakuwa amemaliza. Alikuwa amemgeukia Mzee Mbaruk.

"Wewe ulikuja Werugha na gari lako mwaka wa Uhuru. Ukaonyesha kwenye ukuta wa kanisa."

"Nilikuja, dada yangu."

"Ukasema kwa lile bomba lako, mtazameni mtoto huyo, ndege imemtia wazimu, anakimbilia kibuyu."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilisema."

"Mamangu alikufa nikiwa na miaka saba. Sina picha yake hata moja. Uso wake nilikuwa nimeusahau." Alizungumza polepole, bila machozi, kama mtu anayetoa hesabu ya kitu kilichoibwa. "Siku ile nilikuwa nimesimama mstari wa mbele kabisa, na mtoto wangu mgongoni. Ukamleta mamangu pale ukutani, mkubwa hivi, na mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikapiga kelele na wengine, ukamrudisha, nikamcheka tena."

Mulei alikwenda dirishani, akaondoa blanketi moja, na mwanga wa jua ukaingia ukafuta ukuta. Gertrude alikuwa ameishika kalamu bila kuisogeza.

"Mbona umeacha?" Mama Jedidah alimuuliza. "Andika na hilo."